Asubuhi Rada Alipokaa Chini

Tupokigwe na Rada walistaafu wiki moja. Tupokigwe alikuwa ametimiza miaka sitini na Rada tisa, ambayo kwa mbwa wa kazi ni uzee usio na ubishi. Barua ya Tupokigwe ilisainiwa na mkuu wa kikosi. Ya Rada iliandikwa na daktari wa mifugo, aliyesema nyonga ya kushoto imeanza kuchoka na mnyama huyu asipandishwe tena juu ya makontena. Siku ya kuagana ililetwa keki, zikapigwa picha, na mkuu wa kikosi akauliza kama kuna mtu yeyote angependa kumchukua mbwa. Kabla hajamaliza kuuliza, Tupokigwe alikuwa ameshaishika kamba.

"Una uhakika, mama? Huyu anakula kuliko wewe."

"Nimeshamchukua, afande," akajibu.

Nyumba yao ilikuwa Pugu, upande wa vilima, nyumba waliyoijenga kwa miaka kumi na minne, chumba kwa chumba. Mumewe, Revelian, alikuwa mwalimu wa jiografia aliyestaafu miaka mitano kabla yake, mtu wa Muleba, mpenda redio na magazeti, mwenye kiti chake barazani ambacho hakuna mgeni aliyethubutu kukikalia. Alipoona gari limesimama getini na mbwa mwekundu mwenye uso mweusi akishuka, alikunja gazeti taratibu.

"Kwa hiyo huyu ndiye Rada."

"Ndiye."

"Amekuja kusalimia au amekuja kukaa?"

"Amekuja kukaa, Baba Jovina."

"Ndani au nje?"

"Barazani."

"Baraza ni yangu asubuhi."

"Mtagawana," Tupokigwe akasema, akaingia ndani kutafuta bakuli.

Kazi yenyewe aliingia kwa kuchoka na karatasi. Alikuwa karani wa mapokezi, akigonga mihuri tangu ujana, hadi siku moja walipotafutwa watu wa kufundishwa kuongoza mbwa wanusaji bandarini. Wanaume ofisini walitazama dari. Tupokigwe, binti wa Tukuyu aliyekua na mbwa wa kulinda migomba, akanyanyua mkono. Walicheka, kisha wakampeleka mafunzoni. Hiyo ilikuwa miaka ishirini na miwili nyuma. Aliongoza mbwa watatu, na Rada ndiye wa mwisho, na ndiye aliyekuwa bora kuliko wote.

Walichotafuta ni vitu viwili tu: pembe za ndovu na magamba ya kakakuona. Rada hakufundishwa kubweka wala kuparua. Akiipata harufu, alikaa chini. Alikaa wima, masikio mbele, akamtazama Tupokigwe usoni bila kupepesa, na hapo ndipo alipotupiwa mpira wake, kwa sababu kwake yeye kazi yote ile ilikuwa ni mchezo wa kutafuta mpira. Alikaa mbele ya makontena ya mbao, mbele ya magunia yaliyoandikwa dagaa, mara moja mbele ya friji jipya kabisa ambalo lilipofunguliwa mgongo lilikutwa limejazwa. Magamba yalitoka yamekauka, ya rangi ya chai, yenye umbo la ukucha wa mzee, na yalipomiminwa sakafuni yalitoa mlio kama kokoto zinazoteremka kutoka kwenye tipa. Tupokigwe alikuwa akiyasimamia hadi yapimwe na kufungwa. Siku moja alimwuliza mtaalamu wa wanyamapori aliyekuja kuyachukua, kijana msomi mwenye miwani, kama amewahi kumwona kakakuona mzima.

"Hapana, mama. Kwenye picha tu."

Katika kikosi chote hakukuwa na aliyewahi kumwona. Walimjua kama gunia.

Wiki za kwanza za kustaafu zilimshinda. Saa kumi na moja alfajiri macho yalifunguka yenyewe, akakuta mkono wake unapapasa ukutani kutafuta sare iliyokwisha kurudishwa stoo. Rada naye alikuwa vilevile. Walipotoka kutembea mtaani hakujua kutembea, alijua kukagua. Alinusa tairi za bodaboda moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia. Alikagua viroba vya mkaa nje ya duka la Bi Jokha, akakagua ndoo za maandazi, akamkagua mzee aliyekuwa amesinzia kwenye benchi. Asipopata kitu alimgeukia Tupokigwe kwa macho ya mfanyakazi anayeuliza kama kuna zamu nyingine.

Bi Jokha alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, mwenye duka la vyakula ambalo baba yake aliyekuwa na asili ya Uarabuni alilifungua enzi hizo Buguruni, kisha yeye akalihamishia Pugu alipoolewa. Habari zote za mtaa zilipita kwenye kaunta yake, na nyingi zilitoka pale zikiwa zimenenepa.

"Shikamoo, Bi Jokha."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mwenzio mie sitamgusa, unajua udhu wangu. Lakini nakwambia kweli, ana adabu kuliko wateja wangu. Wao wananishikia mikate yote ndo wanachagua mmoja."

Ni Bi Jokha huyohuyo aliyemwambia ampeleke msituni. "Hapa mtaani anachanganyikiwa, vitu vingi. Sie tulivyokuwa wake wapya hapa tulikuwa tunapandaga huko juu kuokota ukwaju. Kuna hewa. Nenda kule, utanishukuru."

Tupokigwe alikuwa ameishi kilomita mbili kutoka Msitu wa Pugu kwa miaka kumi na minne na hajawahi kuukanyaga. Alikuwa akitoka gizani na kurudi gizani. Vilima kwake vilikuwa kitu cheusi nyuma ya taa za nyumba.

Mlinzi wa kizuizi cha kuingilia msituni upande ule aliitwa Marselino, mtu mrefu mwembamba wa Masasi, mwenye buti zilizopasuka zikashonwa kwa uzi wa nyavu. Alimtazama Rada, akatazama namna Tupokigwe alivyoishika kamba, akajua bila kuambiwa kwamba anazungumza na mtu wa kazi.

"Mbwa haruhusiwi kuzagaa, mama. Kuna wanyama humu."

"Kamba haitatoka mkononi mwangu."

"Na njia kuu tu, ile ya juu, mpaka kwenye gogo la mvule. Na kila mkiingia uniandikie jina."

"Hata la mbwa?"

Marselino akafikiri. "La mbwa pia, basi."

Mbwa wa pili alijileta mwenyewe. Alikuwa koko wa rangi ya mchanga, sikio moja juu moja chini, aliyezaliwa kwenye nyumba isiyokwisha ya jirani, mafundi wakamwita Zege. Siku ya tatu aliwafuata hadi kizuizini akakaa akilia. Siku ya nne Tupokigwe alikuja na kamba mbili. Marselino akaandika daftarini: Tupokigwe, Rada, Zege.

Basi wakaanza. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua za masika zinabisha hodi, na kila alfajiri ukungu ulishuka kwenye mabonde ukakaa. Njia ilipanda polepole kati ya miti ambayo vigogo vyake watu watatu wasingevikumbatia. Siku ya kwanza Tupokigwe alitembea kwa mwendo wa doria, dakika arobaini kwenda, dakika arobaini kurudi, na alipofika nyumbani Revelian alimwuliza ameona nini, naye akagundua hana la kusema. Alikuwa amemtazama mbwa tu.

Siku ya pili akajilazimisha kusimama. Alisimama palepale njiani, kamba imelegea, hadi sikio lake likazoea. Kwanza alisikia matone. Kisha chini ya matone akasikia majani yenyewe yakifunguka, sauti ndogo ndogo pande zote, kama watu wengi wanaonong'ona kanisani kabla ya misa. Mbali kabisa, upande wa reli, treni ya umeme ilipiga honi ikapita, na msitu ukaifunika sauti ile kama maji yanavyofunika jiwe. Alitazama juu. Utando wa buibui mmoja ulitandazwa kati ya matawi mawili, mpana kama shuka la kitanda, umebeba umande, na kila tone lilikuwa na msitu mzima ndani yake umepinduliwa. Alishindwa kuondoka. Mtu wa miaka sitini, aliyepita na rungu na redio ya upepo katikati ya wahalifu, amesimama anatetemeka kwa ajili ya buibui.

"Nimeona utando," alimwambia Revelian siku hiyo.

"Utando upo hata jikoni."

"Sio ule."

Tangu hapo akaanza kumwacha Rada aamue. Rada akisimama, naye anasimama. Na ndipo alipoanza kuelewa jambo ambalo miaka ishirini na miwili ya kazi haikumfundisha. Bandarini alikuwa akimwuliza mbwa swali moja tu, lipo au halipo, na majibu mengine yote aliyapita. Sasa aliona Rada akiweka pua kwenye jani moja, tawi la chini kabisa, akalisoma kwa dakika nzima, mkia ukipanda na kushuka. Kuna mtu aliyepita hapa usiku. Rada alijua ni nani, alikwenda wapi, alikula nini, kama alikuwa na hofu. Tupokigwe akainama karibu na jani lile, akavuta pumzi kwa nguvu zote, akasikia harufu ya udongo. Akacheka peke yake. Alijihisi kama mtu aliyesimama nje ya nyumba kubwa iliyojaa watu, akiona mwanga tu chini ya mlango.

Zege yeye hakuwa na ufundi. Alifukuza vipepeo akaanguka. Lakini inawezekana ndiye aliyemfundisha Rada. Katikati ya mwezi wa nne, baada ya mvua kubwa ya usiku, Zege alijibwaga kwenye rundo la majani mabichi akaanza kugaagaa, miguu juu. Rada alimtazama kwa mshangao, kama mwalimu mkuu anayemtazama mwanafunzi aliyelala darasani. Akalinusa lile rundo. Akazunguka mara mbili. Kisha, taratibu, kwa uangalifu wa nyonga yake, akajilaza, akapinduka, akabaki chali, tumbo jeupe likitazama matawi, ulimi umening'inia pembeni. Katika miaka saba waliyokuwa pamoja Tupokigwe hakuwahi kuliona tumbo la Rada hivyo. Alikaa kwenye jiwe lenye maji akasahau kwamba sketi inalowana.

Hivyo mwezi wa sita ulipoingia, na baridi yake, alikuwa ameshaamini kwamba Rada amestaafu kweli.

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Walifika kizuizini saa kumi na mbili na robo, Marselino akiwa bado anawasha moto wa chai. Ukungu ulikuwa mzito hata miti iliyo hatua kumi ilionekana kama inafikiriwa tu. Walipanda hadi karibu na gogo la mvule, mti mkubwa ulioanguka zamani, mizizi yake imeng'oka na donge la udongo juu kupita kimo cha mtu. Hapo ndipo Rada alipobadilika. Kichwa kilishuka, mdomo ukafungwa, pumzi zikawa fupi fupi za kukata. Tupokigwe aliijua pumzi ile. Ilipita kwenye kamba ikaingia kiganjani mwake kama umeme.

Rada alifuata gogo kwa urefu wake, kushoto kwenda kulia. Akafika kwenye mizizi. Akakaa.

Alikaa wima, masikio mbele, akamgeukia Tupokigwe, akamtazama usoni bila kupepesa.

Mkono wa Tupokigwe ulikwenda kiunoni kutafuta redio, ukakuta fundo la kanga. Wazo lake la kwanza lilikuwa gunia. Kuna mtu ameficha gunia kwenye mizizi ile, na mtu huyo huenda yuko karibu, na yeye ni mwanamke mstaafu mwenye mbwa mwenye nyonga mbovu na mwingine asiye na akili. Aliwavuta nyuma hatua mbili, akachuchumaa, akatazama. Hakuona gunia. Hakuona kamba, wala nyayo za viatu, wala jani lililokanyagwa. Aliona shimo chini ya mzizi, na mdomoni mwa shimo udongo mbichi mwekundu uliokuwa bado unateremka, punje kwa punje, kana kwamba kuna kitu ndani kinapumua.

Akasikia mlio. Ulikuwa ni ule mlio wa kokoto, lakini mdogo, laini, unaokwenda na kurudi.

Kwanza ukatoka mkia, mpana kama kibao cha kutolea mikate tanurini, umepangwa magamba safu juu ya safu. Kisha mgongo. Mnyama alitoka kinyumenyume, akageuka, akasimama kwa miguu ya nyuma. Ukubwa wake ulikuwa wa mtoto anayeanza chekechea. Mikono yake aliikunja kifuani, kucha kwa kucha, kichwa amekiinamisha, akaanza kutembea hivyo, polepole, mfano wa mzee wa kanisa anayekwenda mbele na sahani ya sadaka. Magamba hayakuwa na rangi ya chai. Yalikuwa ya kahawia yenye kijani kwa mbali, yenye mng'ao wa unyevu, na kila alipopiga hatua yalifunguka kidogo na kufunga, yote kwa pamoja, kutoka shingoni hadi mkiani. Yalipofunguka, kati yake palionekana ngozi. Alikuwa na ngozi. Tupokigwe hakuwahi kulifikiria hilo.

Na juu ya mkia, pale unapoanzia, alikuwa ameng'ang'ania mwingine, mdogo kama kiatu, magamba yake yakiwa bado mepesi ya rangi ya waridi, amefumba macho, akibebwa.

Walipita mbele yao, umbali wa hatua tatu. Mama alisimama. Alinyanyua pua yake nyembamba, akaipeleka kushoto, akaipeleka kulia, na kijicho chake, cheusi, kidogo mno, kikatua juu ya mwanamke na mbwa wawili. Zege alijilaza akaweka kidevu chini, hakutoa hata sauti. Rada alikuwa bado amekaa. Alitetemeka mwili mzima, kamba haikuvutwa hata kidogo. Mnyama yule akawatazama kwa muda ambao Tupokigwe baadaye hakuweza kuukadiria. Kisha akaona hawana maana kwake. Akaenda kwenye kichuguu kilicho jirani, akakifungua kwa kucha mbili kama mtu anayefungua bahasha, akapitisha ulimi. Mtoto akateleza kidogo, akajivuta, akashika tena.

Tupokigwe alipiga magoti kwenye matope. Aliweka kiganja shingoni kwa Rada akahisi moyo wake unavyokwenda. Miaka saba alimwona mbwa huyu akikaa mbele ya magunia, na miaka saba alidhani mbwa anasema: hapa kuna magendo. Hakuwa akisema hivyo. Mbwa hajui magendo. Alikuwa akisema tu, kila mara, mbele ya kila kontena: hapa yupo mnyama. Na sasa alisema tena jambo lilelile, kwa utii uleule, na safari hii mnyama alikuwepo.

"Kazi nzuri, Rada," alimnong'oneza. "Kazi nzuri sana." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta, kwa kuwa kufuta ni kusogea.

Kakakuona alikula hadi aliposhiba. Akarudi kwa mwendo wake wa sadaka, akapita, akaingia shimoni, na udongo ukateremka nyuma yake. Tupokigwe na mbwa wake walipofika mbali kabisa, karibu na kizuizi, ndipo alipotoa mpira mfukoni akautupa kwa nguvu zake zote kadiri kamba ilivyoruhusu.

Dukani Bi Jokha aliiona sketi yake.

"Leo umechelewa, na matope yote hayo. Kulikoni?"

Tupokigwe alimpenda Bi Jokha, na alimwamini kwa mambo mengi. Lakini alijua kwa kazi yake jinsi neno linavyosafiri, kutoka kinywa kwenda kingine, hadi likamfikia mtu mwenye gunia.

"Zege alichomwa na mwiba," akasema. Zege akatikisa mkia, mzima wa afya.

Revelian alikuwa barazani. Alimsikiliza tangu mwanzo hadi mwisho bila kuzima redio, kisha akaizima.

"Nilimwona mmoja," akasema. "Mwaka tisini na moja, nikifundisha Singida. Walimpata shambani wakampeleka ofisi ya kata. Watu mia mbili wamemzunguka. Wamemwekea unga, maji, jembe na risasi, wanasubiri achague kipi, ili wajue mwaka utakuwaje. Alijikunja kama mpira. Hakufunguka hadi jioni. Wazee wakasema mwaka utakuwa mbaya. Mimi niliona anaogopa tu."

"Hujawahi kuniambia."

"Ulikuwa ukirudi umechoka, na unaoga kwanza ili usahau. Ningeanzia wapi?"

Rada alikuwa amelala miguuni pa Revelian, mahali ambapo ilisemwa hatalala. Revelian hakuondoa mguu.

Kuhusu Marselino, Tupokigwe alifikiri siku mbili. Siku ya tatu alimwambia, uso kwa uso, si kwa simu. Mlinzi alikaa kwenye kopo lake la rangi, kikombe mkononi, na chai ikapoa.

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

"Nina miaka kumi na moja humu, mama. Nimeona nyayo. Nimeona vichuguu vimefunguliwa. Yeye mwenyewe sijamwona."

"Nitakupeleka. Ni mahali pamoja tu."

Marselino akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Usinionyeshe. Nikishapajua nitatamani kwenda kila siku, na nikienda kila siku nitakuwa nimechora njia. Wewe niambie tu upande gani niongeze doria."

"Upande wa mashariki."

"Basi inatosha." Akamwaga chai, akafunga upya zile buti zake, na asubuhi ileile akaelekea mashariki, akipita mbali.

Tupokigwe naye akabadilisha njia. Haikuwa rahisi. Kila alfajiri walipofika kwenye njia panda, Rada aliivuta kamba kuelekea gogo, na kila alfajiri Tupokigwe alimwambia hapana, wakashika njia ya chini, ile inayoteremka bondeni. Hakumwona tena yule mama na mtoto wake, wala hakuwatafuta. Wakati mwingine, akiwa anamenya ndizi au amesimama foleni ya dawa za dada yake mgonjwa, hospitali ya Mwananyamala, moyo ulimwenda mbio ghafla kwa kukumbuka kwamba saa hiyohiyo, chini ya ardhi, wamelala.

Mwisho wa mwezi wa saba Revelian alitokea getini saa kumi na moja na nusu, amevaa buti za mvua na koti la suti, mwavuli kwapani, wakati mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki tatu.

"Unakwenda wapi, Baba Jovina?"

"Nimefundisha uoto wa asili na wanyama wake kidato cha pili kwa miaka ishirini na nane," akasema. "Kwenye ubao."

Tupokigwe alimpa kamba ya Zege. Walipanda polepole, kwa sababu ya pumzi zake. Kizuizini aliandikwa jina, akaisahihisha herufi moja. Bondeni palikuwa na mkuyu ambao Tupokigwe alikuwa ameupita wiki nyingi bila kuona chochote cha ajabu, ila leo tini zake zilikuwa zimeiva, zimebandikana kwenye shina na matawi kwa maelfu, na chini harufu yake ilikuwa kali na tamu kama pombe inayochacha. Rada alisimama. Akainua kichwa, si kunusa, bali kusikiliza.

"Simama hapa," Tupokigwe alimwambia mumewe. "Usiseme kitu."

"Nini?"

"Sijui. Yeye ndiye anajua."

Ikaanza kama upepo, lakini majani yalitulia. Ikawa kama mtu anayekung'uta mkeka mahali fulani juu, kisha wawili, kisha watu wengi. Hondohondo walitokea juu ya ukungu, weusi kwa weupe, midomo yao mizito mbele, kila pigo la bawa likisikika peke yake, wakaja ishirini, wakaja hamsini, wakatua kwenye mkuyu ule hadi matawi yakainama, na ukelele wao ukajaza bonde. Tini zikaanza kunyesha. Moja ilimpiga Revelian begani ikapasuka juu ya koti la suti.

Hakulifuta. Alikuwa ameinua uso, kinywa wazi, na mkono wake usio na kamba ulikuwa ukitafuta pembeni hadi ukaupata wa mkewe.

"Ubaoni hawakuwa na sauti," akasema.

Walisimama pale mpaka jua likapenya, Zege akila tini zilizoanguka.